Barua kwa mwanangu Chantal

Mwanangu Chantal,

Ujumbe wako wa sauti wa Jumapili niliusikiliza mara tatu. Unasema mwenzako wa kazini hapo Lyon alishangaa kusikia unaitwa Chantal, akakwambia hilo ni jina la shangazi zake, na kwamba hajawahi kukutana na Chantal wa umri wako. Ndipo ukaniuliza: "Mama, jina langu lina maana gani, na mlilitoa wapi?" Nakujibu kwa barua kwa sababu simu hukatika, na maneno haya sitaki yakatike katikati.

Mwenzako hakukosea. Huko Ufaransa jina lako lilivuma baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mwishoni mwa miaka ya 1940 na katika miaka ya 1950. Wasichana waliopewa wakati ule sasa wana wajukuu, na wazazi wa leo hulitoa kwa nadra sana. Lakini kabla ya karne ya 20 ilikuwa vigumu kumpata hata mtoto mmoja aliyeitwa hivyo, kwa kuwa Chantal lilikuwa jina la mahali. Wataalamu wa majina husema asili yake ni neno la Kioksitani, lugha ya kusini mwa Ufaransa: cantal, yaani jiwe, mwamba. Mimi miaka mingi niliamini linatoka kwenye chanter, kuimba, na ulipoingia kwaya ya watoto nilifurahi nikisema jina limefanya kazi yake. Kumbe ni jiwe.

Lilivyotoka kwenye ardhi hadi kwa watoto, ni kwa ajili ya mwanamke mmoja. Aliitwa Jeanne Frémyot, alizaliwa Dijon mwaka 1572, akafiwa na mama yake angali mtoto mchanga. Mwaka 1592 aliolewa na Christophe de Rabutin, baron, yaani bwana mwenye ardhi, wa Chantal. Walizaa watoto sita, wawili wakafa wachanga. Mwaka 1601 mumewe alikwenda kuwinda, akapigwa risasi kwa bahati mbaya na mwenzake. Kabla ya kufa alimsamehe aliyempiga. Mkewe ilimchukua miaka kusamehe. Mwishowe alikubali kuwa mama wa ubatizo wa mtoto wa mtu yule yule, na mimi kila nikifika hapo kwenye habari zake huwa nanyamaza kidogo.

Akiwa mjane alilazimika kuhamia kwa baba mkwe, mzee mkali, akakaa huko na watoto karibu miaka saba. Mwaka 1604 alikutana na askofu François de Sales, na tarehe 6 Juni 1610 wakaanzisha Annecy shirika la masista wa Visitation. Walipokea wajane, wagonjwa na wanawake wenye umri mkubwa, wale ambao nyumba nyingine za watawa ziliwakataa. Alipokufa mwaka 1641 nyumba zao zilikuwa zimepita 80. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1767, kwa jina la Jeanne de Chantal.

Lipo jambo moja ambalo sijalizoea hata leo. Siku alipokuwa anaondoka nyumbani kwenda Annecy, mwanawe wa kiume, kijana wa miaka kumi na minne hivi, alijilaza mlangoni ili asipite. Mama akalia, kisha akamruka, akaenda. Wengine husifu imani yake. Mimi humwona yule mtoto sakafuni. Ndiye aliyekuja kumzaa Madame de Sévigné, ambaye barua zake kwa binti yake aliyehamia Provence zinasomwa Ufaransa hadi leo. Tangu uende Lyon nimemfikiria mama huyo mara nyingi.

Sasa, kwako lilifikaje? Mwaka 1972, nchi yetu ya Kongo ikiitwa Zaire, majina ya Kikristo yalipigwa marufuku. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Darasani jina langu la ubatizo lilikatwa kwa kalamu nyekundu, nikabaki na majina ya ukoo. Majina ya ukoo nayapenda, na waliosema tujivunie ya mababu hawakusema uongo. Kilichoniuma ni kuambiwa mama yangu alikosea kunipa lile lingine. Baada ya mwaka 1990 watu wakaanza tena kuyaandika waziwazi majina ya Kikristo. Wewe ulizaliwa 1991, na wewe ndiye mtoto wangu wa kwanza niliyeweza kumpa jina bila kumwogopa mtu.

Nimejifunza baadaye kwamba hata Ufaransa, tangu sheria ya mwaka 1803, karani aliweza kukataa jina lisilotoka kwenye kalenda au historia. Uhuru wa kuchagua waliupata kwa sheria ya Januari 1993. Kwa hiyo usidhani ni sisi tu tuliopangiwa.

Usiku ule wa kuzaliwa kwako, sista mmoja wa wodini alikaa nasi akatusimulia habari za Jeanne. Koko, bibi yako, alikuwa kando ya kitanda changu. Unajua alivyobaki mjane na watoto sita, akakaa kwa baba mkwe aliyemhesabia hata chumvi. Sista aliposema "miaka saba kwa baba mkwe," koko akacheka, akasema: "Saba tu? Mimi kumi na mmoja. Huyo mwanamke namjua." Kisha akakuchukua mikononi, akakuita Shantali, kwa vile ulimi wake haukukubali neno liishie kwenye l. Hatukutafuta jina lingine.

Hapa Bukavu halijazeeka. Ukiita Chantal katikati ya soko la Kadutu, watageuka wengi: mwanamke mzima anayeuza dagaa, msichana wa shule, na mtoto mgongoni kwa mamake. Hata Rwanda na Burundi utawakuta.

Annecy si mbali na hapo Lyon. Siku ukipata nafasi panda treni, ingia basilika ya Visitation, kaburi la Jeanne limo humo. Washa mshumaa mmoja kwa ajili ya koko.

Na mtoto uliye naye tumboni, msijisumbue kunifurahisha. Chagueni wewe na mumeo. Ninachoomba ni kwamba mkishalipata jina, msiniandikie. Nitumie kwa sauti yako, ulitamke polepole, nilizoee kabla sijaliita.

Mama yako