Simu Ihesabu, Safari Uamue Mwenyewe

Haya nawaandikia wenzangu wa Amu, yaani mji wa Lamu, mlioambiwa kliniki mtembee zaidi kwa ajili ya presha au sukari, mkawekewa programu ya kuhesabu hatua na mpwa au binti, na sasa hamtaki hata kuiona. Msijilaumu. Wengi niliozungumza nao hawajachoka kutembea, wamechoshwa na jinsi simu inavyowasemesha.

Khalati yangu, dada wa mama, ni mtu wa mtaa wa Langoni, na tangu nimjue ni mwendaji. Sokoni, msibani, kwa wanawe Gadeni, kote huenda kwa miguu. Wajukuu wakamwingiza kwenye kundi la programu linalopanga watu kwa idadi ya hatua. Kila jioni jina lake lilikuwa la mwisho kabisa, na hapo hapo unaingia ujumbe wa kumtaka aongeze bidii. Haukupita muda akawa anaiacha simu kabatini, kisha na safari zenyewe zikapungua. Nilipomuuliza akanijibu, “Niende wapi, mwanangu, na mie ni wa mwisho siku zote?”

Tulimtoa kwenye lile kundi, tukazima jumbe zote, tukamwachia ajichagulie lengo. Akasema hatua 4,000 zamtosha. Akarudi njiani.

Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Edward Deci na Richard Ryan, wameeleza kwa miaka mingi kwamba mtu hudumu na jambo akiwa ameliamua mwenyewe, akijiona analiweza, na akilifanya na watu anaohisi ni wake. Wanaochunguza saikolojia ya michezo na mazoezi huitegemea sana nadharia hiyo, na siku hizi hata wanaobuni programu za simu. Tazama sasa ile orodha ilivyomfanyia khalati: lengo kawekewa na wengine, kila jioni anaambiwa hawezi, na wajukuu zake mwenyewe wamegeuzwa washindani wake. Angedumu vipi?

Na hizo hatua 10,000 zinazodaiwa na programu nyingi zisikutishe. Idadi hiyo ilipata umaarufu kupitia kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki za Tokyo. Mwaka 2019 I-Min Lee na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 16,741 wa Marekani, wenye umri wa wastani wa miaka 72. Waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kwa asilimia 41 kuliko waliotembea kama 2,700, na faida ilizidi kupanda hadi kwenye hatua kama 7,500, kisha ikatulia hapo. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba hatua peke yake ndizo zilizookoa, lakini khalati na 4,000 zake hayuko mbali na penye heri.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa saa za mazoezi hawalisemi. Mwaka 2016 Jordan Etkin wa Chuo Kikuu cha Duke alionyesha kwa majaribio kwamba watu wanaohesabu wanachokifanya hukifanya zaidi, ila hukifurahia kidogo, na kutembea kulikuwamo. Kinachofanywa kwa raha huanza kufanana na kazi. Kwa hiyo ushauri wangu, na mimi mwenyewe ndivyo nifanyavyo: acha simu ihesabu kimya kimya, uitazame mara moja kwa wiki, Ijumaa ukishapumzika. Usiitazame njiani. Njiani kuna watu wa kuamkiana nao.

Uchangamfu wa michezo ya simu nao haukai. Pokémon GO ilipotoka mwaka 2016, watafiti waliwafuatilia vijana wa Marekani walioicheza. Wiki ya kwanza waliongeza hatua kama 955 kwa siku. Kufika wiki ya sita nyongeza yote ilikuwa imekwisha.

Kinachosaidia zaidi ni kitu cha bure: kuamua mapema lini na wapi. Mwaka 2002 Uingereza, wanafunzi wa chuo kikuu walioandika siku, saa na mahali pa kufanyia mazoezi, asilimia 91 walifanya kweli katika wiki iliyofuata. Wenzao waliopewa maneno ya kuwahamasisha tu hawakufika asilimia 40.

Hapa kwetu mpango huo una mtego wake, nao ni maji. Ukipanga kwenda kijiji cha Shela kwa pwani kila siku saa kumi na moja jioni, siku chache utafurahi, kisha utakuta maji yamejaa na mahali pa kupita hapana, maana kujaa husogea mbele kama dakika 50 kila siku, na wakati wa bamvua maji hupanda juu zaidi. Programu haijui hayo, itakuandikia tu kwamba umeshindwa. Basi funga mpango wako kwenye sala, na uupe njia mbili. Wangu husema hivi: nikishasali alfajiri, maji yakiwa yamepwa nitashika pwani kuelekea Shela, yakiwa yamejaa nitapanda mtaa wa Wiyoni. Jirani yangu anaujua, na hunigongea mlango. Kugongewa mlango na mtu mmoja unayemheshimu kwashinda kupangwa na kundi zima.

Usiamini sana ramani ya simu pia. Nilipofungua ya safari yetu ya mtaa wa Mkomani, mstari ulikuwa unaruka juu ya mapaa, unaingia nyumba za watu na kutokea upande wa pili, mpaka tulipotokea pwani ndipo uliponyooka. Vichochoro vyetu ni vyembamba na kuta za mawe ni ndefu, mawimbi ya setelaiti hugonga ukutani kabla ya kufika kwenye simu, na umbali ukaongezwa bure. Hatua ni afadhali, kwa kuwa simu huzihesabu kwa mtikisiko wa mwendo, ingawa mtoto akiitingisha barazani nazo hupanda.

La mwisho ni Ramadhani. Programu nyingi huhesabu siku zako mfululizo, na ukikosa moja zinakurudisha sifuri. Hilo huwavunja moyo watu wazima kabisa. Punguza lengo kabla mwezi haujaandama, hamishia matembezi baada ya tarawehe, na ukihisi kizunguzungu au kifua kubana, simama na umwone daktari. Kama programu yako haina pa kusimamisha mfululizo bila kukufutia yote, ifute. Ziko za bure zinazohesabu bila kusema neno.