Majirani wanatupa mayai na kupiga kelele "rudi kwenu": namna ya kuripoti ukiwa England hadi usikilizwe

Dada, umeuliza mambo matatu. Je, mayai dirishani na kelele za "rudi kwenu" ni jinai au ni utundu wa vijana tu? Ukienda polisi, viza yako ya kea, yaani ya kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa, itaharibika? Na ukishasema, nani atakusaidia? Umegusia pia kwamba mtoto wa mteja wako anakuita majina. Mimi nimeishi England miaka mingi, upande wa kaskazini, nimefanya kazi hiyo hiyo yako, na mambo haya yamenifika mlangoni. Nianze na la viza, maana najua ndilo linalokunyima usingizi.

Viza yako ni halali. Kuripoti kwamba umetendewa uhalifu hakuigusi hata kidogo, na mwajiri akikuambia unyamaze ili "usilete matatizo", hana sheria ya kusimamia. Kwa msomaji mwingine ambaye karatasi zake zimekwisha muda, ushauri ni tofauti. Polisi huku wamewahi kupeleka taarifa za walalamikaji kwa watu wa uhamiaji, na mashirika ya haki yalilishtaki jambo hilo rasmi mwaka 2018. Ndugu yangu wa hali hiyo, anza na wakili wa uhamiaji au shirika la msaada, wao wakuongoze. Ila maisha yakiwa hatarini piga 999, namba ya dharura, bila kufikiria mara mbili.

Sasa, ni jinai? Ndiyo. Kumsumbua mtu kwa makusudi zaidi ya mara moja ni kosa kwa sheria ya mwaka 1997, na kumtolea mtu maneno ya vitisho au matusi mbele ya watu kunaangukia sheria ya 1986. Halafu sheria ya mwaka 1998 inayapa makosa kama hayo uzito zaidi yakifanywa kwa chuki ya rangi, asili au dini. Chukua mfano wa kumpiga mtu kofi: kwa kawaida kifungo chake hakizidi miezi 6, lakini likipigwa kwa sababu ya rangi yako kinaweza kufika miaka 2. Polisi wa England na Wales wanaandikisha chuki za aina tano: rangi au asili, dini, ulemavu, kupenda watu wa jinsia yako, na kubadili jinsia. Scotland wana sheria yao, iliyoanza kutumika Aprili 2024, kwa hiyo walio Glasgow waulize wenyeji wa huko.

Jambo ambalo wengi wetu hatulijui ni kwamba anayesema hii ni chuki ni wewe uliyetendewa, au hata shahidi aliyepita njia. Polisi akija hatakiwi kukudai uthibitisho kwanza ndipo aandike hivyo. Haki hiyo ililipiwa kwa damu. Tarehe 22 Aprili 1993, kijana wa miaka 18, Stephen Lawrence, alichomwa kisu na kundi la vijana wa kizungu akiwa anasubiri basi Eltham, kusini-mashariki ya London. Polisi waliiharibu kesi ile. Rafiki aliyekuwa naye, aliyeponea chupuchupu, walimtazama kama mshukiwa. Baba na mama wa Stephen, Neville na Doreen, hawakukaa kimya, na mwaka 1999 ripoti ya jaji Macpherson ilisema wazi kwamba ubaguzi ulikuwa ndani ya taasisi yenyewe ya polisi, ikaagiza kwamba tukio ni la kibaguzi iwapo aliyetendewa au mtu mwingine yeyote anaona hivyo. Wauaji wawili walihukumiwa Januari 2012, karibu miaka 19 baadaye. Kwa hiyo ukipiga simu usijione unaomba hisani.

Lakini lazima ulitamke. Hapo ndipo watu wetu wengi wanapotea. Mimi nilitoka zamu ya usiku nikakuta kinyesi cha mbwa kimesukumwa kupitia tundu la barua, kimetapakaa juu ya barua ya shule ya mwanangu. Jirani wa mbele alikuwa dirishani anacheka, na maneno aliyonirushia wiki nzima siyaandiki hapa. Askari aliyekuja alikuwa mpole, akakaa, akaniuliza, "Mligombania nini?" Akaandika ugomvi wa majirani. Mama mmoja wa Ghana niliyekuwa naye zamu ndiye aliyenifungua macho: piga tena, wape namba ya taarifa uliyopewa, sema naamini nimefanyiwa hivi kwa sababu ya rangi yangu na nataka iandikwe kama hate crime, yaani jinai ya chuki. Nikasema hivyo hivyo, neno kwa neno. Siku ile sauti ya upande wa pili ilibadilika. Akaja askari mwingine, akachukua maneno yote niliyotukanwa, akaenda kuomba picha za kamera ya kengele ya mlango wa nyumba ya jirani mwingine.

Namba yenyewe ni kama RB kwa waliotoka Tanzania, au OB kwa wa Kenya. Usikubali simu iishe bila kuipata. Na kitu kimoja tofauti na nyumbani: ukiumizwa huku huhitaji PF3 wala P3. Nenda hospitali kwanza, waeleze umeumizwaje na nani, nao wataandika kwenye faili lako.

Kuhusu ushahidi, nakuomba sana usikimbilie kufuta mayai. Najua aibu ya mlango mchafu. Piga picha kwanza, kwa karibu na kwa mbali, nyumba ionekane. Chukua daftari uandike tarehe, saa, nani alikuwepo, na maneno waliyotamka kwa Kiingereza chao, hata kama ni machafu kiasi gani. Usiandike "alinitukana", andika tusi lenyewe. Ukisharipoti, polisi wanaandika kwa neno lako, lakini mahakama inataka kuthibitishiwa kwamba mtu alionyesha chuki wakati wa tendo, au mara tu kabla au baada yake, au kwamba chuki ndiyo iliyomsukuma. Neno moja alilotamka akirusha yai linaweza kubeba kesi nzima.

Kuripoti: hatari ikiwa mbele yako, 999. Kama huwezi kusema na uko kwenye simu ya mkononi, ukisikia sauti ya mashine bonyeza 55. Yaliyokwisha kutokea, 101, simu ni bure. Kama Kiingereza cha simu kinakutisha, tumia tovuti ya polisi ya True Vision, au omba mkalimani wa Kiswahili. Ni haki yako na hulipi. Crimestoppers wanapokea taarifa bila jina, lakini kwa hali yako siwapendekezi, maana hutapata namba wala mtu wa kukurudia.

Baada ya hapo polisi wanatakiwa kukuunganisha na huduma ya msaada ndani ya siku 2 za kazi. Wasipofanya hivyo, wapigie mwenyewe Victim Support, shirika la kusaidia waliotendewa uhalifu, 0808 16 89 111, bure, usiku na mchana. Mimi walinipa mtu wa kuzungumza naye kila wiki na mlango wenye kufuli jipya. Una haki pia ya kutoa maelezo yako ya jinsi jambo hili lilivyokuathiri, yanayoweza kusomwa mahakamani mshtakiwa akikutwa na hatia, na ya kuomba uamuzi utazamwe upya wakikataa kumshtaki mtu.

Kesi yangu haikufika mahakamani. Lakini shirika la nyumba lilichukua rekodi ile ya polisi likamwandikia jirani kwamba mkataba wake uko hatarini, na mambo yakakoma. Bila rekodi wasingekuwa na pa kuanzia.

Najua watakuja wa kukuambia "mwachie Mungu". Mimi nasali, na niliripoti. Agosti 2024, baada ya mauaji ya watoto kule Southport na uongo ulioenezwa kwamba muuaji ni mkimbizi, watu walivamia hoteli ya waomba hifadhi karibu na Rotherham na kutaka kuichoma moto. Wiki ile tulikuwa tunasindikizana kwenda zamu. Wahusika walianza kufungwa ndani ya siku chache, kwa sababu video zilikuwepo na watu walizitoa. Katika mwaka ulioishia Machi 2024 polisi wa England na Wales waliandikisha makosa ya chuki zaidi ya 140,000, na karibu 7 kati ya kila 10 yalikuwa ya rangi. Hauko peke yako, dada.

Sasa niambie: nyumba ni ya council (serikali ya mtaa), ya shirika, au ya mtu binafsi? Na mtoto wa mteja wako anayekuita majina, umeshamwandikia meneja kwa barua pepe au ulimwambia kwa mdomo tu? Kama ni kwa mdomo, andika leo usiku, kisha tuendelee hapa hapa.