Pipi za hempu, dawa za presha na safari ya nyumbani

SWALI: Ndugu mshauri, mimi ni mama wa miaka 63, mzaliwa wa Tanga, ninaishi Minneapolis na kazi yangu ni kuwahudumia wazee. Magoti yananisumbua na usingizi umekuwa wa shida. Mwenzangu kazini amenipa kopo la zile pipi laini za kutafuna, akaniambia kwamba zimetengenezwa kwa hempu, zinauzwa dukani kihalali, na hazilevyi. Ninatumia dawa ya presha pamoja na warfarini ya kuzuia damu kuganda. Mwezi wa Desemba ninatarajia kwenda nyumbani kupitia Doha. Je, nizile? Kwa sasa ziko kabatini jikoni, na wajukuu wapo.

JIBU: Shikamoo mama, na pole kwa magoti. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kula. Ni kweli kwamba zinauzwa dukani, lakini habari ya kutolevya inategemea kilichomo ndani ya kopo, na neno hempu lililoandikwa juu yake halitoshi kukujulisha.

Hempu na bangi ni mmea mmoja. Kilichoitenga hempu ni sheria ya kilimo ya Marekani ya mwaka 2018, iliyoruhusu mmea huo ulimwe na kuuzwa mradi THC ya aina ya delta-9, yaani kemikali inayolevya, isizidi asilimia 0.3 ya uzito wake mkavu. Kwa jani lililoko shambani kipimo hicho ni kidogo. Kwa pipi hesabu inageuka: pipi ya gramu 4 ni miligramu 4,000, na asilimia 0.3 yake ni miligramu 12, wakati watafiti wa serikali ya Marekani wanahesabu miligramu 5 za THC kuwa kipimo kimoja cha mtumiaji. Pipi moja, basi, iliweza kutimiza masharti ya hempu na bado ikamlevya vizuri mtu asiyezoea. Jimbo lako la Minnesota linalitambua jambo hili, ndiyo maana tangu Julai 2022 linaruhusu pipi hizo kwa wenye umri wa miaka 21 na kuendelea tu, zisizozidi miligramu 5 za THC kwa kila kipimo na miligramu 50 kwa pakiti nzima. Bunge la Marekani nalo limekaza zaidi: sheria iliyotiwa saini Novemba 2025 inashusha kikomo hadi miligramu 0.4 za THC ya aina zote kwa kopo zima, kuanzia Novemba 2026.

Kuna pia delta-8, ndugu wa karibu wa delta-9, ambayo nayo inalevya. Kwenye mmea imo kwa kiasi kidogo sana, kwa hiyo viwanda huitengeneza kwa kuichakata CBD, kemikali nyingine ya hempu isiyolevya, kwa asidi na viyeyushi. Kazi hiyo ikifanywa ovyo, mabaki ya kemikali hubaki kwenye pipi. Ninalisisitiza hili kwa sababu wauzaji wengi huandika kwamba bidhaa ni ya asili, na mnunuzi akaridhika hapohapo.

Kwa hiyo ligeuze kopo usome nyuma. Tafuta miligramu za CBD na miligramu za kila aina ya THC, kwa kila pipi na kwa kopo zima, kisha ufungue cheti cha maabara huru, ambacho kwa kawaida hupatikana kwa kupiga picha msimbo wa QR. Namba ya toleo kwenye cheti ilingane na ile ya kopo, na kiwe kimepima viuatilifu, metali nzito na viyeyushi, si THC peke yake. Pasipo cheti, usile. Na kama wewe ni Mwislamu, angalia pia jelatini, ile inayozifanya pipi ziwe laini, kwani mara nyingi hutokana na nguruwe. Zipo pipi zinazotumia pektini ya matunda.

Lakini mama, hata kama cheti ni safi, kwa hali yako ninakushauri usizile mpaka uzungumze na daktari au mfamasia anayekuhudumia, na sababu kubwa ni warfarini. CBD huzuia baadhi ya vimeng'enya vya ini vinavyoivunja dawa hiyo. Dawa ikikaa mwilini kwa wingi kuliko inavyotakiwa, damu huwa nyepesi kupita kiasi na mtu anaweza kutoka damu ndani kwa ndani. THC nayo huyaongeza mapigo ya moyo na inaweza kuishusha presha ghafla mtu anaposimama. Mtu wa umri wako, aliyekwisha kumeza dawa ya presha, akiamka usiku kwenda msalani anaweza kuanguka, na kuanguka ukiwa unatumia warfarini ni hatari maradufu.

Kuhusu maumivu yenyewe, ushahidi kwamba CBD ya kumeza hutuliza magoti bado ni dhaifu. Dawa ya CBD iliyoidhinishwa Marekani ni moja, Epidiolex, iliyopitishwa mwaka 2018 kwa aina chache kali za kifafa, na hutolewa kwa mamia ya miligramu kwa siku chini ya uangalizi wa ini, ambapo pipi nyingi za dukani zina miligramu 10 hadi 25. Mwombe daktari akupeleke kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kuimarisha misuli ya paja husaidia goti, tena hakugongani na dawa yoyote.

Kazini kwenu, kama mnapimwa mkojo, kipimo hutafuta mabaki ya THC na hakiulizi kama yametoka kwenye hempu. Hata pipi zilizoandikwa CBD pekee zimewahi kukutwa na THC. Safarini usizibebe kabisa: sheria ya Marekani haikulindi Doha wala Dar es Salaam, na Tanzania imepiga marufuku bangi kwa sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015. Pekua mikoba yote kabla ya kufunga mizigo, maana mtu husahau.

Na leo hii, kabla hujalala, ziondoe jikoni. Mtoto haoni tofauti kati ya pipi hizi na pipi nyingine, na mwili wake mdogo unaweza kulemewa hadi asiamke au apumue kwa shida. Zifungie kwa ufunguo, au zitupe mahali ambapo hawezi kuzifikia.

SWALI: Rafiki yangu alikula pipi ya THC, akangoja nusu saa, hakuhisi kitu, akaongeza mbili. Baadaye alitetemeka na kudhani anakufa. Yakitokea tena tufanye nini? Msomaji, Houston.

JIBU: THC iliyoliwa hupita tumboni na kwenye ini kwanza, ambako hugeuzwa kuwa kemikali yenye nguvu zaidi, kwa hiyo huanza kufanya kazi baada ya dakika 30 hadi saa 2, na inaweza kudumu saa 6 hadi 8 au zaidi. Rafiki yako aliongeza wakati ya kwanza bado iko njiani. Mtu mzima mwenye afya aliyeamua kuitumia aanze na miligramu 2.5 au pungufu, asiongeze siku hiyo, asichanganye na pombe, na asiendeshe gari mpaka kesho yake. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye historia ya ugonjwa wa akili wasiiguse.

Akizidiwa, mkalishe mahali patulivu, mpe maji, usimwache peke yake, na piga simu ya bure ya kituo cha sumu cha Marekani, 1-800-222-1222, inayojibiwa saa 24. Asipoamka, akipata degedege, maumivu ya kifua au shida ya kupumua, piga 911 mara moja na uwaeleze wahudumu waziwazi alichokula, pamoja na kuwaonyesha kopo.