Unakamua tu na maziwa yanapungua? Soma hapa

Pole mamii uliyeuliza kwa nini maziwa yanapungua, kichanga wako wa wiki 3 amekataa ziwa na unamkamulia mara 4 tu kwa siku, inauma jamani. Ila hizo mara 4 ndo shida ilipo, maziwa yanatengenezwa kadri yanavyotoka, jitahidi zifike 8 au zaidi kwa masaa 24 na ile ya saa nane usiku usiiruke kabisa. Mi wangu nilimkamulia miezi 5, nakanda kwanza na kitambaa cha uvuguvugu, napapasa toka kwapani kushuka hadi yanaanza kuchuruzika yenyewe. Kwa joto la Dar usiyaache nje masaa mengi, weka friji, yanakaa mpaka siku 4. Ukikuta mafuta yamejitenga juu usimwage, hayajaharibika, weka kikombe kwenye bakuli la maji ya moto uzungushe taratibu.