Kabla hujainua pikapu yako, ipeleke kwenye mizani

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Ahero aliniandikia. Ana Hilux ya dabo kebini, ya ule umbo lililouzwa kabla ya 2015. Anasambaza chakula cha kuku kutoka Kisumu hadi Awasi na Muhoroni, na mvua ikinyesha, udongo mweusi wa tambarare za Kano unamshika magurudumu kama ugali mbichi. Ujumbe wake ulikuwa mfupi, kuhusu seti ya springi na shoki za kulisimamisha gari juu: "Mzee, nataka kuiinua inchi nne. Ninunue seti gani?"

Niliusoma mara tatu. Miaka kadhaa iliyopita swali hilo lilikuwa langu, na mtu niliyemuuliza hakuniuliza hata neno moja kuhusu gari langu wala kazi yangu. Alinitajia bei.

Mimi nauza na kufunga pampu za maji. Duka liko Nakuru mjini lakini kazi yenyewe iko Mau Narok, Molo, Olenguruone, Subukia, popote mkulima alipochimba bwawa. Hilux yangu hiyohiyo ya kazi asubuhi inawapeleka watoto shule, na Jumapili inambeba mama yangu kwenda kanisani. Wengi wanaoandika kuhusu mambo ya saspensheni wana gari jingine la kwenda nalo mjini. Sisi hatuna. Najua wewe unayenisoma unataka ninachotaka mimi: gari lipite pale wengine wanapogeuza, na kesho yake saa kumi na mbili na nusu liwake na kwenda kazini.

Hamu ilinianza 2021, Safari Rally iliporudi kwenye mashindano ya dunia na kufanyika Naivasha. Tulienda kutazama. Njiani kurudi nyumbani nilipitwa na pikapu baada ya pikapu, zote zimesimama juu, tairi zinaonekana zote, na nilipoegesha yangu nje ya nyumba jioni ile niliiona kama imechutama. Mwaka haukuisha kabla sijaenda dukani.

Muuzaji, ambaye sitamtaja, aliniambia sina haja ya seti nzima. Alinipa spesa, yaani vipande vya chuma vinavyofungwa juu ya shoki za mbele. Zilikuwa za milimita 50. "Hizo ni inchi mbili," akasema, "hata watengenezaji wenyewe wanaruhusu." Kwa nyuma akanipa bloku za chuma za kuweka kati ya springi na ekseli, pamoja na shako ndefu, vile vyuma vinavyoshika ncha ya springi. Shilingi 26,000 kwa vyote. Nilitoka pale nimefurahi kama mtu aliyeokota pesa.

Sasa sikiliza jambo ambalo nililijua nikiwa nimeshalipia. Shoki ya mbele ya Hilux haisimami juu ya gurudumu. Imeshikwa katikati ya mkono wa chini wa saspensheni, kwa hiyo ukiisukuma sentimita moja, gurudumu linashuka karibu sentimita mbili. Spesa ya milimita 50 haikuniinua inchi mbili. Iliniinua karibu nne. Anayetaka inchi mbili kwenye gari la namna hii anahitaji spesa ya milimita 25 hivi, na muuzaji wa vitu hivyo alipaswa kulijua hilo kabla yangu.

Fundi wangu aliliona siku ileile. Ni fundi wa miaka mingi, gereji yake iko upande wa Industrial Area. Alipomaliza gurudumu la kwanza alilala chini akaangalia, akatoka akijifuta mikono: "Bosi, sivi jointi imelala vibaya. Hii itakula buti." Sivi jointi ni kiungo kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu la mbele, na buti ni mpira unaokifunika. Nilimwambia afunge tu. Nilishamwomba msamaha kwa jibu hilo, na namwomba tena hapa mbele ya watu.

Mwezi wa kwanza nilitembea kifua mbele. Nilipiga picha ukingoni mwa Menengai, bonde lote liko nyuma yangu. Wateja walisifu. Kisha mambo yakaanza kuja moja moja.

Usukani ukawa haurudi. Ukikata kona, unabaki pale ulipouacha hadi uurudishe kwa mikono, na kwenye barabara kuu gari linatangatanga kama ng'ombe asiye na mchungaji. Nilienda kwa watu wa alainmenti mara mbili. Mara ya pili yule bwana alinionyesha kwenye mashine: boliti za kurekebishia zimefika mwisho na kasta, ile pembe inayousaidia usukani kurudi wenyewe, bado haijaingia ndani ya kipimo. Hapakuwa na kitu zaidi cha kuzungusha. Tairi za mbele zikaisha upande mmoja kabla ya kilomita 9,000. Kwenye matuta, gurudumu likining'inia, nilisikia mgongano mkali wa chuma. Mkono wa chini ulikuwa unashuka kuliko boli jointi ya juu, kile kiungo cha duara, inavyoweza kuufuata.

Na kulikuwa na breki. Hili liliniogopesha kuliko yote, maana sikulijua mpaka fundi aliponionyesha. Hilux nyingi za umri wa yangu zina vali ya breki za nyuma iliyounganishwa kwa fimbo kati ya chasisi na ekseli. Ukibeba mzigo, chasisi inashuka, fimbo inasogea, breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi. Mimi nilikuwa nimeinua chasisi mbali na ekseli. Vali iliamini gari ni tupu kila siku, hata nikiwa na pampu za dizeli nyuma. Nilishuka na gari hilo mteremko wa Salgaa, ule ambao kila dereva wa Nakuru anaujua kwa majina ya waliofia pale. Nikikumbuka, tumbo linanikata.

Lakini kama unataka kujua kilichoniuma, ni mama. Ana miaka 74. Jumapili ya kwanza alishika mpini wa mlango, akainua mguu, mguu ukakataa. Nikaleta kigoda cha jikoni. Jumapili ya pili kigoda kiliteleza, nikamdaka. Ya tatu aliniambia kwa upole, "Baba, mimi nitaenda na matatu, wewe usisumbuke." Nikamtazama akitembea hadi stegi, na gari langu limesimama pale likiwa safi.

Mwisho ulifika mwezi wa Aprili, nikitoka Mau Narok kuteremka Njoro, mvua inanyesha tangu saa nane. Buti ya sivi jointi ya kulia ilikuwa imeshapasuka wiki nyingi, grisi imetoka, mchanga umeingia, nami nikijiambia kila Jumamosi kwamba Jumamosi ijayo. Niliingiza gari kwenye fobai, magurudumu yote manne yavute, nipande kilima kidogo chenye tope, nikakata usukani, na nikasikia kishindo kimoja. Magurudumu ya mbele yakaacha kuvuta. Trekta ya mkulima mmoja ilinitoa saa tatu usiku. Nilimpigia muuzaji siku ya pili, ya tatu, na ya nne. Hajawahi kupokea hadi leo. Shafti, boli jointi, tairi mbili, alainmenti na siku za kazi zilizopotea: zaidi ya shilingi 90,000.

Kwa hiyo kijana wangu wa Ahero, sikupi jina la seti kwanza. Nakupa kazi ya kufanya.

Peleka pikapu kwenye mizani. Ghala la nafaka au machimbo ya mawe yenye mizani ya lori watakupimia kwa pesa kidogo. Ipime ikiwa na vitu vinavyokaa humo siku zote: boksi la vifaa, tairi ya akiba, bampa ya chuma kama unayo, tangi likiwa limejaa. Pima magurudumu ya mbele peke yake, halafu ya nyuma peke yake. Kisha toa kila kitu upime tena. Mimi niligundua kwamba nyuma nilikuwa nabeba kilo 210 kila siku ya Mungu, nikidhani ni "vitu vidogo tu". Namba hiyo ndiyo iliyochagua springi zangu za sasa.

Maana springi huuzwa kwa uzito. Seti nzuri, kama zile za Australia za Old Man Emu au Ironman, utakuta springi za mbele za gari lisilo na bampa ya chuma, na nyingine za gari lenye bampa na winchi. Za nyuma vilevile: za gari tupu, za mzigo wa kudumu wa kilo mia kadhaa, na zaidi ya hapo. Ukichukua za mzigo mzito kwa sababu "ngumu ndiyo imara", pikapu tupu itasimama juu kupita ulivyopanga, itarukaruka kwenye kila shimo la lami, na watoto watashuka shuleni wanalalamika mgongo. Ukichukua laini nawe unabeba magunia, itakaa chini nyuma na taa zitamwangaza dereva anayekuja machoni. Wewe unasambaza chakula cha kuku: asubuhi umejaa, mchana uko tupu. Chagua kwa uzito wa siku ya kawaida, usichague kwa ile siku moja ya mwezi uliyopakia hadi juu.

Halafu inchi. Mbili. Milimita 50. Hapo sivi jointi bado zinafanya kazi kwa pembe zinazovumilika na alainmenti kwa kawaida inarudi kwenye kipimo. Ukipita hapo unaanza kununua mikono mipya ya juu, kushusha difu ya mbele (lile bonge la gia katikati ya magurudumu), kurefusha mipira ya breki, na propela, ule mhimili unaopeleka nguvu nyuma, nayo inaweza kuanza kutetemeka. Magari ya Rhino Charge, yale mashindano ya kupita porini pasipo na barabara, yanafanya hayo na zaidi, nayo mengi hubebwa kwa lori hadi kwenye mashindano. Jumatatu hayapeleki mtoto shule.

Na ujue kitu ambacho wengi hawakijui: kuinua saspensheni hakuinui difu yako ya nyuma hata nywele moja. Ekseli ya nyuma inakaa kwenye magurudumu, na magurudumu yako chini. Kinachoinyanyua ni tairi kubwa. Nilipotoka 265/65R17 kwenda 265/70R17, difu ilipanda milimita 13 hivi, na spidi mita ikaanza kusoma pungufu: ikionyesha 100, naenda kama 103. Kwa tope la Kano, tairi yenye meno mazuri itakutoa mahali ambapo inchi nne zitakuacha umekaa juu unatazama mashamba ya mpunga.

Shoki usizifanyie ubahili. Barabara ya vumbi yenye mawimbi kama mabati huzichemsha, mafuta ndani yanachanganyika na hewa, na baada ya nusu saa ni kama huna shoki. Mimi nilichukua zenye povu ndani, ambalo linazuia hewa kuingiliana na mafuta. Na kama gari lako ni D-Max ya kizazi cha kwanza yenye toshen baa mbele (chuma kinachojipinda badala ya springi), usikubali mtu akukazie boliti tu na kukuambia umeinuliwa. Gari litapanda, ndiyo, lakini gurudumu litakosa nafasi ya kushuka kwenye shimo.

Seti yangu ya sasa niliifunga miaka miwili iliyopita: springi na shoki zote nne, springi za nyuma za mzigo wa kudumu, yuboliti mpya (boliti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli), milimita 50 mbele na kidogo zaidi nyuma. Shilingi 185,000 pamoja na ufundi. Nilikuwa nimeshakataa bei hiyo mara ya kwanza, nikaishia kulipa hiyo na ile ya hasara. Fundi ni yuleyule. Safari hii nilikaa kimya nikamwachia kazi. Alikaza boliti za bushi, ile mipira ya kwenye viungo, magurudumu yakiwa chini na gari limebeba uzito wake, kwa sababu ukizikaza magurudumu yakining'inia, mpira wa bushi unajikunja siku ya kwanza na kupasuka kabla ya wakati. Alirekebisha fimbo ya vali ya breki. Alishusha mwanga wa taa. Baada ya kilomita 1,000 nilirudi akakaza yuboliti upya. Nami nilipiga simu kwa watu wa bima nikawaambia nimebadilisha nini.

Tangu hapo nimepita kilomita 40,000. Mwezi jana nilipanda Olenguruone kwenye mvua na pampu mbili nyuma, nikawakuta wenye pikapu ndefu kuliko yangu wamesimama kando, nikapita. Mama anapanda mwenyewe, anashika mpini, anakaa.

Vijana, nawaambia kama kaka yenu mkubwa: anayekuuzia bila kukuuliza unabeba nini, mwache na mali yake. Uliza swali la uzito kabla ya swali la urefu. Msikilize fundi anayelala chini ya gari kuliko anayekaa nyuma ya kaunta. Mimi nilimsikiliza wa kaunta.

Kijana wa Ahero, ukitoka kwenye mizani, egesha mahali tambarare. Chukua tepu, pima kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa madigadi, magurudumu yote manne, likiwa limepakia na likiwa tupu. Usipime kutoka chini, tairi zikipungua upepo zitakudanganya. Nitumie namba hizo nane pamoja na zile za mizani, kisha tuongee habari ya seti.