Ellington wa 1940–42: chukua seti ya 2003

Uliuliza ununue ipi kati ya seti mbili za CD za Duke Ellington, mpiga piano na kiongozi wa bendi ya jazi wa Marekani: The Blanton-Webster Band ya 1986 au Never No Lament ya 2003. Chukua ya 2003. Zote ni CD 3 za bendi yake ileile, ila ya kwanza ina nyimbo 66, ya pili 75. Tofauti kubwa lakini ni sauti. Ile ya 1986 ilichujwa mno kuondoa mikwaruzo ya santuri, na kichujio hakijui mkwaruzo ni upi na toazi ni lipi, basi matoazi ya mpiga ngoma Sonny Greer yakafifia pia. Ya 2003 inakwaruza kidogo, lakini tarumbeta zinang'aa na besi ya Jimmy Blanton unaisikia uzi kwa uzi.

Kama tayari unalo lile boksi la CD 24 la 1999, Centennial Edition, acha zote mbili. Rekodi hizo zimo humo.

Ukipata ya mtumba, fungua kasha kwanza. Makasha manene ya zamani yaliwekewa sponji. Ikizeeka inaoza, inanata kwenye diski na kuacha ukungu usiofutika kirahisi. Sponji hiyo itupe siku hiyohiyo. Kisha elekeza diski kwenye taa: ukiona rangi ya shaba inaanzia ukingoni, utando unaoakisi mwanga umeanza kuliwa, na hakuna dawa. Mrudishie muuzaji. Na kijitabu kiwemo, maana humo ndimo yalimo majina ya wapigaji na tarehe za kurekodi.