Mikoa ya Tanzania ni 31, siyo 30

Umewaandikia wageni kwamba Tanzania ina mikoa 30. Hapana, ni 31: 26 ya Bara na 5 ya Zanzibar. Hiyo 30 ni hesabu ya kabla ya 2016, Songwe ilipomegwa kutoka Mbeya. Miaka minne kabla ya hapo zilizaliwa Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, ndiyo maana ramani nyingi za zamani hazina majina hayo. Mimi huongoza wageni, na mara nyingi mtu ananikunjulia ramani yake kwenye boneti ya gari, anaitafuta Njombe kwa kidole, haioni.

Zanzibar nayo usiiandike kama mkoa mmoja. Unguja ina mitatu, Pemba miwili, na Pemba inastahili kutajwa kwa jina lake, watu wanaisahau mno.

Ila kwa mgeni wa mbuga, mipaka ya mikoa isimchanganye. Serengeti sehemu kubwa iko Mara, lakini inaingia Simiyu na Arusha pia. Ukimwambia "Serengeti iko Arusha" atadhani ni jirani na mjini, kumbe ni safari ya saa nyingi barabarani.